Mzazi anataka uumbaji upewe nusu ya vipindi vyangu vya mageuko, Kidato cha Nne. Walimu wenzangu mnafanyaje?

Mwalimu_Ujiji:

Habari zenu wanajamvi, na shikamooni kwa wanaostahili.

Nafundisha Baiolojia na Kemia kwenye shule ya kata hapa Kigoma Ujiji, jina la shule niachieni. Tuko kwenye mada ya mageuko, yaani viumbe kubadilika kizazi hadi kizazi. Wanaoijua wanajua inavyopitaga: inakuja mwishoni, akili za watoto zote ziko kwenye pepa za nyuma, unawapa aya moja ya uumbaji maalumu, unampitisha Lamarck, unampitisha Darwin, visukuku (mabaki ya viumbe wa kale ndani ya miamba), viungo vinavyofanana muundo, wanakariri, wanaenda kumjibu NECTA, mnaachana kwa amani. Miaka yote hakuna mzazi aliyenifuata.

Mwaka huu kanifuata mmoja. Baba mtu mzima, mstaarabu, shati limepigwa pasi. Kaja na daftari la binti yake, kalifungua mezani kwa makamu mkuu wa shule, kaweka kidole kwenye mstari niliouandika ubaoni kwamba binadamu na sokwe wana asili moja. Akasema, "Mwalimu, mimi nataka mwanangu afaulu. Lakini hiki umekiandika kama jambo lililokwisha. Cha Mungu umekipa mistari mitatu, tena umeanza na 'wapo wanaoamini kuwa'." Anachotaka ni vipindi vigawanywe katikati, nusu Mwanzo sura ya kwanza, nusu Darwin, mtoto achague mwenyewe. Makamu wetu ni mtu asiyependa kesi. Kaniambia nitafute utaratibu utakaowaridhisha wote, niupeleke kwenye kikao cha wazazi.

Darasa lenyewe mlielewe. Nina watoto wa TAMSYA (Waislamu), wa TYCS (Wakatoliki), wa UKWATA (Waprotestanti), wa CASFETA (Wapentekoste), na Wasabato wachache ambao Jumamosi shuleni huwaoni hata uwape nini. Nilipotaja sokwe tu, kijana wa benchi la nyuma akanyoosha mkono: "Madam, kama tulitoka kwa nyani, mbona wa Gombe hawajawa watu mpaka leo?" Darasa zima kicheko. Hilo najibu hata usingizini. Lakini baada ya kicheko, binti mmoja mkimya, ambaye muhula mzima simsikii, akauliza: "Madam, wewe Jumapili tunakuona kanisani. Unaamini lipi?"

Ni kweli, mimi ni Mkatoliki, mtoto wa Kasulu, jumuiya siikosi. Nikamwambia tuendelee na somo, tutazungumza.

Sasa nauliza. Wenzangu, vipindi mnavigawa au hamvigawi? Na mwanafunzi akikuuliza unaamini nini, unamjibu nini? Naombeni sana tusitukaniane dini, hapa Kigoma tunazikana na kuoana.

Baba_Watoto_Gungu:

Mwalimu pole na kazi. Namuunga mkono huyo mzazi asilimia zote, na wala simjui.

Shule ni ya serikali, serikali inaendeshwa kwa kodi, kodi tunalipa sisi, na sisi ni watu wa dini. Iweje mtoto wangu akae darasani ninalolilipia aambiwe babu yake ni nyani, halafu imani ya nyumbani iguswe kama hadithi za sungura na fisi? Hata Marekani kwenyewe, alikoshamiri huyo Darwin, shule zinafundisha zote mbili na watoto wanachagua. Uturuki wameiondoa kabisa mada hii sekondari, mwaka 2017. Kama ile ni nadharia na hii ni nadharia, mnaogopa nini kuziweka ubaoni pamoja?

Na hiyo mifupa. Wanaokota jino, wanachora mtu mzima mpaka na nywele.

Mgebuka_Mkavu:

Mimi nauza samaki Kibirizi, elimu yangu la saba. Mnapoenda siko. Ila nina swali kwa mwalimu, maana niliwahi kumsikia mzungu mmoja wa utafiti akilisema kwenye boti: eti kuhe na ngege ni ndugu? Sisi tunawapanga meza moja, lakini bei zao hazijuani.

Mzee_wa_Chemchem:

Marahaba, Mwalimu. Nimestaafu, niko Tabora mjini, nafuga nyuki na kubishana. Baiolojia nimeifundisha maisha yangu yote ya kazi, na mada hii nimeifundisha katikati ya mapadri, katikati ya masheikh, na wakati mmoja mbele ya mkaguzi aliyesinzia.

Baba Watoto, kwa heshima zote, la Marekani umeligeuza juu chini. Kule wanapelekana mahakamani kwa jambo hili kwa karne nzima. Mwaka 1925, Dayton, mji mdogo wa jimbo la Tennessee, mwalimu kijana aitwaye John Scopes alishtakiwa kwa kufundisha mageuko kwa sababu jimbo lilikuwa limetunga sheria ya kuyakataza. Akatozwa faini ya dola 100. Baadaye hukumu ilitenguliwa kwa kasoro ya utaratibu tu, sheria yenyewe ikaendelea kuishi mpaka 1967. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikafuta katazo kama hilo la Arkansas. Ndipo waliokuwa wanapinga wakabadili mbinu: kama haikataziki, basi popote inapofundishwa na uumbaji nao ufundishwe. Umeona? Ni kile kile anachokitaka mzazi wa Ujiji. Louisiana wakakiwekea sheria, na 1987 Mahakama ya Juu ikaitupa, majaji saba dhidi ya wawili. Wakarudi na jina jipya, usanifu wenye akili, yaani viumbe vimesanifiwa na mwenye akili. Wakakwama tena 2005 huko Dover, Pennsylvania, mbele ya Jaji John Jones, aliyeteuliwa na Rais George W. Bush, si mtu wa mrengo wa kushoto. Kilichowaumbua ni rasimu za kitabu chao cha kiada: baada ya hukumu ya 1987 palipoandikwa uumbaji paliandikwa usanifu, na sentensi zilizobaki hazikuguswa. Jaji akaandika kurasa 139 kusema hiyo ni dini, si sayansi.

Lakini, Mwalimu, kesi hizo usiende nazo kwenye kikao. Hazikusaidii, na nitakwambia kwa nini. Marekani shule ya umma haina ruhusa ya kumfundisha mtoto imani. Mtu wa dini anayetaka Mwanzo isomwe pale hana mlango, ndiyo maana kila mara anajaribu kupitia kipindi cha Baiolojia. Sisi mlango tunao, na uko wazi. Ratiba ina kipindi cha dini. Masheikh na wachungaji wanaingia shule za serikali na hakuna anayewazuia. NECTA inatahini Maarifa ya Biblia na Elimu ya Dini ya Kiislamu, Kidato cha Nne hicho hicho. Huyo baba anadai kitu ambacho binti yake anacho tayari, tena kinafundishwa na mtu wa dhehebu lake.

Katiba yetu ya 1977, ibara ya 19, imeweka kazi ya kutangaza na kueneza dini kuwa hiari ya mtu binafsi, na uendeshaji wa jumuiya za dini uko nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Mwalimu wa serikali akiwa na chaki ni mamlaka ya nchi. Kwa hiyo muulize mzazi taratibu, bila kumshinda mbele ya watu: uumbaji ufundishwe upi? Wa Mwanzo sura ya kwanza, ambako wanyama wanatangulia na mtu anafuata, au sura ya pili, ambako mtu anatangulia? Wa Qurani? Wa Waha waliomjua Imana kabla ya misheni na kabla ya misafara? Na muulize hili hasa: atafurahi wewe, mwanamke Mkatoliki, umfafanulie binti yake, tuseme ni wa Kipentekoste, maana ya siku sita?

Mimi nina hakika atakataa kabla hujamaliza kuuliza.

Na la mwisho kabla mke wangu hajaniita. Wakikwambia mtu wa dini hafai kufundisha Baiolojia, wakumbushe kuwa hapa hapa Tabora, shule ya St. Mary's, katikati ya miaka ya 1940, alikuwapo mwalimu wa Baiolojia na Kiingereza, Mkatoliki asiyekosa misa, katoka Makerere. Alikuwa Julius Nyerere. Kanisa lako nalo limeshasema. Papa Pius XII mwaka 1950 aliruhusu wataalamu wachunguze asili ya mwili wa binadamu, akasisitiza kuwa roho inaumbwa na Mungu moja kwa moja. Yohane Paulo II mwaka 1996 akasema mageuko sasa ni zaidi ya dhana tu. Kuhusu unaamini lipi, mimi nilikuwa nawaambia wazi: nasali, na mageuko nayakubali, haya fungueni ukurasa.

Mwalimu_Ujiji:

Mzee wangu, asante sana, hilo la kipindi cha dini sikuwa nimelitazama hivyo.

Kaka Mgebuka, ndiyo, kuhe na ngege ni ukoo mmoja, ingawa wa matawi ya mbali. Wataalamu wanauita ukoo wa sikilidi. Mgebuka wako na sangala hao ni watu wengine kabisa, ukoo wao ni mmoja wao wenyewe. Na kuhe ndiye mkubwa kuliko sikilidi wote duniani, usimshushe bei.

Acha niwaeleze nilichofanya darasani, maana ndicho kilichonipeleka mbali kuliko miaka mingine. Nilichoka na picha za ndege wa Galapagos, visiwa ambavyo hakuna mtoto wa Ujiji atakayevifika, wakati ziwa liko hapo chini. Tanganyika lina umri wa miaka milioni 9 hadi 12. Ndani yake mna zaidi ya spishi 200 za sikilidi, na karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Nikaenda mwaloni asubuhi, nikanunua vichwa vya aina tofauti tofauti, nikavileta maabara na viwembe.

Nikawaambia wapasue koo. Kila mmoja akakutana na mfupa mdogo wa pembe tatu, umejaa meno. Ni taya la pili. La mbele linakamata, la kooni linasaga. Mkiona nyuso zao! Hawa ni watoto waliokula samaki tangu hawajaota meno, na huo mfupa wameutema maisha yao yote pembeni ya sahani bila kuuangalia. Wa kusaga konokono meno yake mapana na butu, wa kula vitu laini meno yake membamba mpaka unayahisi kwa kidole kuliko kuyaona. Kijana mmoja, wa mwisho darasani kwa alama, mtoto wa mvuvi, akaanza kumwambia kila mwenzake samaki wake anakula nini kwa kupapasa ule mfupa tu, na alikuwa anapatia.

Halafu nikawapa la yule samaki mdogo anayekula magamba ya wenzake. Anavizia kutoka nyuma, anakwangua, anakimbia. Mdomo wake umepinda upande. Wapo waliopinda kulia, wapo waliopinda kushoto, na kila kundi linavamia ubavu wake. Wakizidi wa upande mmoja, wanaowindwa wanauchunga zaidi ubavu huo, basi wachache wa upande wa pili wanashiba na kuzaa zaidi, mpaka mizani inarudi. Mjapani Michio Hori aliwafuatilia humu humu Tanganyika na kutoa matokeo mwaka 1993. Hakuna mnyama aliyekaa akapanga. Njaa na uzazi tu.

Saa nzima hakuna aliyeniuliza Mungu yuko wapi. Kelele zilianza nilipotoka kwa samaki kwenda kwa sokwe. Na yule wa "mbona nyani hawajawa watu" nilimuuliza: wewe na binamu yako wa Uvinza mna babu mmoja, sasa mbona binamu hajawa wewe? Sokwe wa Gombe na sisi tuliachana na babu wa pamoja miaka milioni 6 au 7 iliyopita, kila mtu na njia yake. Hawajachelewa kuwa watu. Wako kwenye usokwe wao, na wanaujua vizuri: mwaka 1960 marehemu Jane Goodall alimwona mmoja wao pale akichomeka kijiti kwenye kichuguu kuvulia mchwa, na dunia ikabidi iandike upya maelezo ya nani hutumia zana.

Ustadhi_wa_Mwanga:

Assalaam alaykum wote, na amani kwa wasio Waislamu.

Mwalimu umejibu mwenyewe bila kujua. Samaki hawakumkera mtu. Mimi pia samaki hawanikeri, wala mimea, wala wadudu. Wanazuoni wetu wapo wenye nafasi pana kabisa kwenye hayo. Mgogoro ni Adam. Kwetu Adam kaumbwa kwa udongo, hana baba wala mama, na hapo wengi wetu hatusogei. Kwa hiyo ukisema "wazazi wa Kiislamu wanapinga mageuko" umesema sana. Sema wanasimama kwenye Adam.

Ila nipingane na huyo mzazi. Mimi nafundisha kipindi cha dini kwenye shule za serikali hapa mjini. Sitaki mwalimu wa Baiolojia anifundishie Adam. Akimfundisha kombo, kazi ya kumnyoosha mtoto ni yangu. Mzee wa Chemchem yuko sahihi, mlango upo. Tatizo ni kwamba hakuna mwalimu wa Baiolojia aliyewahi kunigongea, na mimi sijawahi kumgongea. Mtoto anatoka kwako saa nne, anaingia kwangu saa tano, kabeba maswali ambayo nyote wawili mmemwambia tutazungumza. Akimaliza shule ana mambo mawili kichwani yasiyojuana, na mwenye kumsaidia ni mitandao.

Nakuomba mawili. La kwanza, mtoto anaposema imani yake darasani asichekwe, na wewe ndiye wa kulizuia hilo. La pili nipingane na Mzee wangu wa Tabora: usitangaze imani yako mbele ya darasa. Watoto wanahesabu kura. Ukisema nasali na nakubali, wa kwangu atarudi nyumbani aseme Madam Mkatoliki anasema Adam hakuwepo. Wewe hukusema hivyo, lakini ndivyo itakavyofika.

Tabibu_Urambo:

Naongeza kidogo kutoka zahanati, maana naona mnazungumza kana kwamba jambo hili ni la miaka milioni tu.

Wenye umri wangu mnaikumbuka klorokwini? Ile iliyokuwa inawasha mwili usiku kucha. Tuliitumia miaka nenda rudi mpaka vimelea vya malaria vikawa vinaimeza kama maji. Mwaka 2001 nchi ikahamia dawa nyingine, SP. Haikukaa. Mwishoni mwa 2006 ikaja dawa mseto, ALu, hii mnayopewa mpaka leo. Dawa haikuoza kwenye makopo. Kilichotokea ni kwamba vimelea wachache waliokuwa na hitilafu iliyowafanya wasife walibaki, wakazaa, watoto wao wakajaa. Na sasa Kagera, jirani kabisa na ninyi wa Kigoma, wameonekana vimelea wenye mabadiliko ya kinasaba yanayopunguza nguvu ya hiyo hiyo mseto. Nikikwambia umalize dozi, ninapigana na mageuko.

Na selimundu, ule ugonjwa wa damu. Mama analeta mtoto viungo vimevimba, analia, anauliza nani karoga. Mtoto karithi kinasaba hicho kwa wazazi wote wawili. Anayerithi kwa mzazi mmoja tu haumwi selimundu, na malaria kali inampata kwa shida. Ndiyo maana kinasaba hiki kimeshamiri kwenye nchi za mbu kama yetu, na hakikufutika ingawa kinaua. Daktari Anthony Allison aliyekulia Kenya alilionesha hilo mwaka 1954. Mimi nikiwaeleza wazazi hivyo, wanatulia kuliko nikisema "ni ya kurithi" halafu basi. Wanaacha kutafutana uchawi.

Ningependa binti wa huyo baba alijue hili kabla hajaolewa.

Baba_Watoto_Gungu:

Tabibu, vijidudu sikatai. Lakini mdudu wa malaria amebaki mdudu wa malaria. Samaki wa mwalimu wamebaki samaki. Nioneshe samaki aliyetoka majini akawa kitu kingine, nitanyamaza.

Mzee_wa_Chemchem:

Kamongo umewahi kula? Wa mabwawa ya Malagarasi. Ana mapafu, maji yakikauka anajizika kwenye tope anangoja mvua. Vinasaba vinasema katika samaki wote walio hai leo, ukoo wake ndio wa karibu zaidi na wanyama wa miguu minne, mimi na wewe tukiwamo. Na kwenye miamba ya kaskazini mwa Kanada walipata 2004 kisukuku cha miaka milioni 375, kina magamba na mapezi ya samaki, lakini ndani ya pezi mna mifupa ya bega, kiwiko na kifundo. Wanakiita Tiktaalik. Hawakuangukia tu. Walijua umri wa miamba wanayoitaka, wakaenda kuchimba pale.

Hiyo ndiyo tofauti, Baba Watoto. Nadharia hii inakwambia ukachimbe wapi, na ukichimba ukakuta sungura kwenye mwamba wa samaki wa kale, imekufa siku hiyo. Mwanzo haikuandikwa ipimwe hivyo, na ukiiweka kwenye kipindi cha Baiolojia unaiweka kwenye mizani isiyo yake. Kama mtu wa dini nisingependa.

La Uturuki ni kweli, na huko iliamuliwa na wenye mtaala. Hapa ni Taasisi ya Elimu Tanzania (TET), Dar es Salaam. Mwalimu wetu na makamu wake hawana mamlaka ya kugawa hata nusu kipindi. Mwandikie TET barua ukitaka, ni haki yako.

Baba_Watoto_Gungu:

Kamongo sili.

Mzee nimekusikia. Sijakubali, lakini nimekusikia. Ila niwaambie ukweli ulio chini ya haya yote, pengine na huyo mzazi ni hivyo hivyo. Mimi sina ugomvi na mifupa. Mwanangu wa kwanza alienda chuo, akarudi hasali. Nikimuuliza ananijibu kwa maneno ya darasani, ananiangalia kama mshamba. Huyo wa pili yuko Kidato cha Nne. Ninyi mnazungumza mtaala, mimi nazungumza mtoto.

Mwalimu_Ujiji:

Baba, hili ungeanza nalo. Nadhani hata yule mzazi wangu tungefika mbali kama angelisema hili badala ya kudai nusu ya vipindi, na mimi nikamsikiliza badala ya kutetea ubao.

Nimeamua hivi, na wenye kupinga wapinge. Vipindi sivigawi. Kwenye kikao nitasema wazi kwamba mtaala si wangu wala wa makamu, na kwamba kipindi cha Baiolojia ni cha vitu vinavyopimika, cha mwenye dini au asiye na dini. Ile aya ya uumbaji nitaiacha kama ilivyo kwenye notisi, lakini "wapo wanaoamini kuwa" nitaiandika upya, imekaa kama dharau kweli, yule baba hakukosea kuiona. Mstari wa sokwe haufutiki.

Ustadhi, wiki ya mada hii nakuomba uje, na mchungaji anayewafundisha wa upande ule nimeshampigia. Si darasani kwangu. Kwenye kipindi chenu, baada ya changu, mimi nikae nyuma kimya, watoto wawaulize ninyi lile la Adam mbele yangu. Wakiona tunapeana mikono nadhani inatosha. Makamu kashtuka kidogo, lakini hajakataa.

Na kwa binti yule, Mzee na Ustadhi mmegongana, nami nimemfuata Ustadhi nusu. Darasani sisemi. Yeye kaniuliza kwa sababu kaniona kanisani, basi nitamjibu tukiwa wawili: ndiyo nasali, na ndiyo nakubali tuliyoyapasua yale, na sijawahi kuona moja likilifukuza jingine. Akitaka sababu nitampa, asipotaka basi.

Kaka Mgebuka, usicheke, utatajwa kwenye andalio la somo.

Mgebuka_Mkavu:

Nitajeni tu. Ila vichwa vya kuhe si vya bure, Madam.

FomuFoo_Kasulu:

Shikamooni, samahani kuingilia mazungumzo ya wakubwa. Madam, sasa kwenye pepa wakiuliza tuandike nini? Mwalimu wetu anasema mada hii haitoki.

Mwalimu_Ujiji:

Marahaba mwanangu. Anayekwambia mada haitoki usimwamini, hata akiwa mwalimu.

Ukiulizwa nadharia fulani, eleza hiyo iliyotajwa, si unayoipenda. Ukiambiwa utoe ushahidi wa mageuko, taja visukuku, viungo vyenye muundo mmoja, viinitete, mtawanyiko wa viumbe kijiografia na vinasaba, na kila hoja iwe na mfano wake. Hoja bila mfano ni nusu alama. Lamarck na Darwin wanapenda kuwalinganisha kwa twiga: kwa Lamarck shingo ilirefuka kwa kunyooshwa na urefu huo ukarithiwa, kwa Darwin walikuwapo wa shingo ndefu na wa fupi tangu mwanzo, waliofikia majani ndio waliozaa zaidi. Na popote pale usiandike kwamba binadamu alitoka kwa nyani. Ukiulizwa kuhusu Zinjanthropus, lile fuvu la kale, kwenye Historia, aliyeliona ni Mary Leakey, mwaka 1959, mumewe siku hiyo alikuwa mgonjwa kambini.

Ukikwama piga picha daftari unitumie, lakini si baada ya saa nne usiku.